Sabini kwa Sabini, na Nani Aliyepiga Hatua

Chukua hati ya mauziano ya shamba iliyoandikwa kijijini, iwe Iramba, Mkalama, Ikungi au Manyoni, mkoani Singida, uisome kama unavyolisoma shairi. Usitafute kwanza nani kauza na kwa shilingi ngapi. Tazama ilivyojengwa. Inaanza kwa nafsi ya kwanza: mimi fulani, mkazi wa kitongoji fulani, nikiwa na akili timamu na bila kushurutishwa na mtu yeyote, nimemuuzia ndugu fulani shamba langu. Inafuata sentensi ya ukubwa. Kisha mipaka kwa pande nne: kaskazini limepakana na shamba la mzee fulani, kusini njia ya ng'ombe, mashariki korongo, magharibi mstari wa minyaa. Kisha bei, kwa tarakimu na kwa maneno. Kisha mashahidi wa muuzaji, mashahidi wa mnunuzi, mwenyekiti wa kitongoji, na mwisho kabisa muhuri wa mtendaji wa kijiji, uliogongwa kwa nguvu hadi wino ukatokeza upande wa pili wa karatasi.

Huu ni utanzu kamili, una kanuni zake, na wanaouandika hawakufundishwa darasani. Anayeombwa kuandika hati huazima ya jirani, akabadilisha majina na bei, akaacha mengine yote kama yalivyo. Ndiyo maana hati ya mwaka jana na hati ya miaka thelathini iliyopita zinafanana sentensi kwa sentensi. Fani imeganda, na fani ikiganda humwonyesha mhakiki ni wapi waandishi waliogopa na ni wapi hawakuogopa.

Waliogopa kwenye bei. Bei imeandikwa mara mbili kwa sababu sifuri moja huongezwa kwa kalamu ileile na hakuna atakayegundua, ila maneno "milioni moja na laki mbili" hayaongezeki. Waliogopa pia kwenye akili ya muuzaji, kwenye hiari yake, na kwenye majina ya majirani. Ukubwa wa shamba umeandikwa mara moja tu, kwa haraka, kwa sentensi ambayo ukiitazama vizuri ina mapengo mawili: shamba lina ukubwa wa heka moja, limepimwa sabini kwa sabini.

Sabini nini? Na limepimwa na nani?

Pengo la kwanza ndilo watu hulijadili, kwa hiyo nilianze hilo. Ukimuuliza mkulima wa Singida, atakwambia ni hatua. Ukimuuliza kijana wake aliyemaliza kidato cha nne, atakwambia ni mita. Wote wawili hutamka namba ileile kwa uhakika uleule, na namba hiyo haikutoka kwa hatua wala kwa mita. Heka ni ekari ya Waingereza kwa matamshi ya kijijini, na ekari hiyo ni yadi za mraba 4,840. Ukitafuta mraba wa ukubwa huo, kila upande unakuwa yadi 69 na nusu na kidogo, ambazo mtu mwenye haraka huzifanya 70. Sabini mara sabini ni 4,900, yaani imezidi ekari ya sheria kwa yadi za mraba 60, jambo dogo ambalo mhindi mmoja uliosinyaa hauwezi kulilalamikia. Yadi ni sentimita 91.44, karibu sawa na hatua ndefu ya mtu mzima anayetembea kwa makusudi. Kanuni ilikuwa nzuri: rahisi kukumbuka, inapimika kwa miguu, na kosa lake halifiki asilimia mbili.

Kisha yadi ikatoweka. Tanzania ilihamia kwenye vipimo vya metriki, rula za shuleni zikawa za sentimita, na namba 70 ikabaki bila mwenyewe. Mita ikaingia kwenye kiti cha yadi bila kubisha hodi. Sabini kwa sabini za mita ni mita za mraba 4,900, wakati ekari ya sheria ni mita za mraba 4,047. Heka imekua kwa asilimia 21 bila mtu yeyote kuhamisha jiwe la mpaka. Upande wa pili, ukimpa kazi ya kupima mzee wa hatua fupi, tuseme sentimita 75, sabini yake ni mita 52 na nusu, na heka yake ni mita za mraba 2,756, yaani theluthi mbili tu za ekari na ushee. Tofauti ya hatua inaonekana ndogo ukiitazama chini, lakini eneo huizidisha kwa yenyewe, na robo mita ya mguu inakula karibu nusu ya shamba.

Kila mtu kijijini analijua hili, na kila mtu analitumia. Wakati wa kununua, mnunuzi hupenda apime kijana mrefu. Msimu wa kulima ukifika, mwenye maksai analipwa kwa heka, na sasa ni yeye anayetaka hatua fupi. Shamba moja linaweza kuwa heka tatu mwezi wa Agosti na heka nne mwezi wa Desemba. Sijasikia mtu akiita jambo hilo udanganyifu. Linaitwa kupatana.

Taabu huanza pale heka inapotoka kijijini kwenda kwenye takwimu. Singida ni mkoa wa alizeti, na kila mkulima ana idadi yake ya magunia kwa heka. Tuseme amepata gunia nane. Kama heka yake ni ya hatua fupi, hayo ni magunia 29 kwa hekta. Kama ni ekari ya sheria, ni 20. Kama ni ya mita sabini, ni 16. Mbegu zikipandwa kwa nafasi ya sentimita 75 kwa 30, heka ya mita sabini inameza mashimo zaidi ya 21,700 na ekari ya sheria haifiki 18,000. Mtaalamu wa kilimo anayelinganisha wakulima watatu anaweza kumsifu mmoja kwa bidii na kumkaripia mwingine kwa uzembe, kumbe analinganisha urefu wa miguu. Na kama karani akisikia "heka" akaandika "hekta", kwa kuwa masikioni ni mapacha, basi amekosea kwa mara mbili na nusu.

Kuna kichekesho cha historia hapa. Wajerumani walipokuwa na boma lao Kilimatinde, serikali yao ilikuwa ya metriki, na ardhi waliihesabu kwa hekta. Ekari ilikuja baadaye na Waingereza. Kwa hiyo hekta, tunayoiona kama kipimo kipya cha maofisa wenye kompyuta, iliingia mkoani kabla ya ekari, ikaondoka, ikarudi. Ekari iliyo katikati ndiyo iliyoshika mizizi, kwa sababu ndiyo peke yake iliyokuja na kanuni ya miguu.

Sasa nataka kuweka kando ya hati yetu ukurasa mwingine, wa mbali sana kwa miaka. Katika karne ya kwanza, mwandishi wa Kirumi Columella, mzaliwa wa Gades, Hispania, aliandika vitabu vya kilimo akimwelekezea rafiki yake Silvinus. Kitabu cha tano kinafunguliwa kwa kisingizio. Anasema kuna rafiki mwingine, Marcus Trebellius, aliyemuuliza namna ya kupima shamba lililokwisha kulimwa. Columella anajitetea kwamba hiyo si kazi ya mkulima bali ya wapimaji, na kwamba hata wasanifu wa majengo hawajishughulishi kukokotoa ukubwa wa jengo wakishalimaliza, huwaachia wengine. Baada ya kukataa, anakubali. Ni mbinu ya zamani ya adabu ya uandishi, na mimi huipenda: mwandishi anatuonyesha mlango ambao asingepaswa kuingia, halafu anaingia nao.

Vipimo vyake ni hivi. Msingi ni futi ya Kirumi, ambayo kwa wastani wataalamu huiweka kwenye sentimita 29.6. Futi 120 ni aktusi moja, na mwandishi mwingine wa Kirumi, Plinio, anaeleza kwamba huo ndio mwendo ambao ng'ombe wa kulimia huenda kwa mkupuo mmoja bila kupumzika. Columella mwenyewe, katika kitabu cha pili, anaonya kwamba mfereji wa jembe ukizidi futi 120 unawaumiza wanyama. Mchunga maksai wa Ikungi hahitaji kutafsiriwa hilo. Aktusi moja kwa moja ni mraba, na miraba miwili iliyounganishwa ni yugerumu moja: futi 240 kwa 120, futi za mraba 28,800, kazi ya siku moja ya jozi ya ng'ombe. Yugerumu mbili ni herediumu, sehemu ambayo mwandishi Varro anasema Romulo, mwanzilishi wa Roma, alimgawia kila raia iwe ya kurithiwa. Herediumu mia moja ni senturia.

Zigeuze kwa metriki. Yugerumu ni mita 71 kwa 35 na nusu, takriban mita za mraba 2,523, robo hekta. Herediumu ni mita 71 kwa 71.

Msomaji wa Singida lazima asimame hapo. Mita 71 kwa 71 ni heka yetu ya mita sabini, ikiwa na nyongeza ya asilimia tatu tu. Na yugerumu, mita 71 kwa 35, ndiyo nusu heka inayouzwa leo kama "sabini kwa thelathini na tano". Si ukubwa tu unaolingana. Hata umbo limelingana: mraba kwa kamili, mstatili wa mbili kwa moja kwa nusu.

Sitaki mtu atoke hapa akidai kwamba Warumi walipita Iramba. Mlingano huu ni bahati tupu, umezaliwa na yadi iliyogeuka mita. Lenye maana ni umbo. Mraba hauzaliwi na mkulima. Mkulima akifyeka pori hufuata udongo, hufuata kichuguu, hukwepa jiwe, na Singida ina mawe makubwa kuliko nyumba. Mraba ni umbo la anayegawa: la Romulo wa hadithi anayewapa watu wake sehemu sawa, na la miaka ya 1970 kwetu, watu walipohamishiwa vijijini na mashamba kugawiwa upya. Anayegawa anataka namba moja itakayosemwa haraka mbele ya umati. Ndiyo maana sabini kwa sabini ina mdundo, inakamatika kwa sikio moja, na ndiyo maana hakuna anayesema sabini kwa hamsini na nane, ingawa mashamba mengi yako hivyo.

Lakini nilimwita Columella kwa sababu ya nafsi. Isome hesabu yake ya shamba la duara. Anaanza kwa kulisimamisha shamba mbele ya msomaji: liwe na kipenyo cha futi 70. Halafu anamwamuru. Zidisha hiyo kwa yenyewe: sabini mara sabini, 4,900. Zidisha kwa 11: 53,900. Toa humo sehemu ya kumi na nne: 3,850. Hizo ndizo futi za mraba za duara. Namba zetu ziko palepale, sabini na elfu nne mia tisa, ingawa hilo nalo ni bahati. Fani ndiyo ya kutazama. Kila kitenzi kina mtendaji. Mara ni wewe unayezidisha, mara ni mwandishi anayegawanya, na hakuna tarakimu inayojitokeza bila mkono ulioifanya. Msomaji akitilia shaka jibu, anaweza kurudi hatua kwa hatua hadi kwenye kipenyo. Nimefanya hivyo kwa kikokotoo: kwa pai ya leo jibu ni 3,848 na nusu. Amekosea kwa futi moja na nusu ya mraba, eneo la kuweka kigoda.

Wapimaji wa Kirumi walikwenda mbali zaidi. Katika mji wa Orange, kusini mwa Ufaransa, yamepatikana mabamba ya marumaru ya mwaka 77 B.K. yenye orodha ya senturia na ukubwa wake kwa yugerumu. Kila senturia inatambulishwa kwa herufi na namba: iko kulia au kushoto kwa barabara kuu, mbele au nyuma ya njia inayoikata. Kulia kwa nani? Kwa mpimaji aliyesimama kwenye njia panda na kutazama mbele. Mtu huyo amekufa karibu miaka elfu mbili iliyopita, jina lake halipo, lakini mwili wake bado uko ndani ya maandishi, na ukitaka kulisoma bamba ni lazima usimame pale aliposimama.

Rudi sasa kwenye hati ya kijiji na pengo lake la pili. Limepimwa. Kauli ya kutendwa, hakuna mtendaji. Katika karatasi nzima ambamo kila aliyekuwepo ana jina, hata jirani ambaye hakuuza wala kununua, hata shahidi aliyekuja kwa sababu alikuwa anapita, mtu mmoja tu hana jina: yule aliyetembea. Na ndiye pekee ambaye mwili wake uliingia kwenye biashara, kwa kuwa mguu wake ndio uliokuwa kipimo. Hati imeandika dole gumba la muuzaji na kuusahau mguu wa mpimaji.

Ndiyo maana nasema kugeuza vipimo vya kale kuwa vya metriki ni kazi ya msomaji wa fani kabla ya kuwa kazi ya kikokotoo. Jedwali linalosema yugerumu ni sawa na hekta 0.252 linaficha jambo lilelile linalofichwa na hati yetu. Futi ya Kirumi haikuwa moja. Hata ile ya kawaida huchezacheza: ukiiweka sentimita 29.4, yugerumu ni mita za mraba 2,489, ukiiweka 29.7, ni 2,540. Na Hyginus, mmoja wa waandishi wa upimaji, anaeleza kwamba kwa kabila la Watungri kulikuwa na futi iliyoitwa ya Drusus, ndefu kuliko ya kawaida kwa sehemu moja ya nane. Kwa futi hiyo yugerumu inafika karibu mita za mraba 3,190. Anayeandika 2,523.34 na kuishia hapo amefanya kile anachofanya karani anayebadilisha "heka 3" kuwa "hekta 1.214": ameongeza desimali mahali ambapo shaka iko kwenye tarakimu ya kwanza. Hyginus alikuwa na adabu ya kutaja futi ni ya nani na inatumika wapi. Adabu hiyo ndiyo ninayoitafuta kwenye hati zetu.

Mtu atasema tatizo limeshapata dawa. Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya 1999 imeleta hati ya hakimiliki ya kimila, inayotolewa na halmashauri ya kijiji, na siku hizi wapimaji huja na kifaa cha GPS, wakaizunguka mipaka, wakachora ramani. Ni kweli, na pale ilipofanyika vizuri imetuliza ugomvi mwingi. Ila mauziano hayangoji upimaji. Shamba huuzwa leo kwa sababu mtoto kachaguliwa kwenda shule leo, na karatasi inayoandikwa ni ileile ya counterbook, yenye sabini kwa sabini. Upimaji ukija baada ya miaka kumi, unakuta ugomvi umeshakomaa, na kifaa hakiwezi kusema mwaka ule ni nani alipiga hatua.

Kuna kasoro nyingine ndani ya sabini kwa sabini, nayo haitibiwi kwa kukubaliana juu ya mita. Pande nne hazitoshi. Chukua shamba ambalo kila upande ni mita 70, zimepimwa kwa tepu, hakuna ubishi. Kama pembe zimenyooka, eneo ni 4,900. Kama shamba limelala upande, na kijijini mengi yamelala kwa sababu korongo halijui pembe mraba, eneo linapungua ingawa pande hazijapungua hata sentimita. Kawaida yetu ni kuchukua wastani wa pande zinazotazamana na kuzidisha. Columella naye anatumia wastani, kwa shamba lenye umbo la kabari: urefu futi 100, upana futi 20 huku na 10 kule, anajumlisha upana, anachukua nusu, 15, anapata 1,500. Kwake ni sawa, kwa kuwa urefu wake umepimwa wima kwa upana. Kwetu tunapima kingo, halafu tunazihesabu kana kwamba ziko wima. Njia hiyo hukosea upande mmoja tu: hulikuza shamba. Haijawahi kulipunguza. Mnunuzi ndiye anayelipia kila mara.

Columella huyohuyo ana dawa, kurasa hizohizo. Shamba la pembetatu yenye pande sawa, anasema, zidisha upande kwa wenyewe, chukua theluthi ya jibu, ongeza na sehemu ya kumi ya jibu hilohilo. Mfano wake una pande za futi 300: 90,000, theluthi 30,000, sehemu ya kumi 9,000, jumla 39,000. Mpe shamba letu lililolala. Tupime ulalo mfupi, kutoka kona moja hadi ya mkabala wake, na tuseme tumekuta nao ni mita 70. Basi shamba ni pembetatu mbili zenye pande sawa. Sabini mara sabini, 4,900. Theluthi yake ni 1,633 na kitu, sehemu ya kumi ni 490, jumla 2,123. Mara mbili: karibu 4,247. Hesabu ya leo inatoa 4,243. Kanuni ya mkulima wa Kirumi imekosea kwa mita tatu au nne za mraba, wakati kanuni ya kijiji ingemuuzia mnunuzi mita za mraba 650 za hewa. Kichekesho ni kwamba shamba hilo lililopinda linakaribia ekari ya sheria kuliko lililonyooka.

Nimlaumu kidogo na Columella. Mashamba yake ni masafi mno. Hakuna kichuguu, hakuna jiwe lenye ukubwa wa lori katikati, hakuna kipande cha pembeni kilichobaki baada ya miraba kukatwa. Wapimaji halisi wa Kirumi walivijua vipande hivyo vya pembeni, na vilikuwa na jina na ugomvi wake: Kaisari Vespasiano alivitwaa kwa ajili ya hazina, na mwanawe Domitiano akawaachia waliokuwa wakivilima. Hati zetu hapo zina ubora ambao hesabu haina. Sentensi ya mipaka, ile ya minyaa na korongo na mzee fulani, inalishika shamba lenye mapindo yake yote. Haigeuzwi kuwa mita, na haina haja. Ni sentensi ya ukubwa peke yake iliyoandikwa kivivu, kwa sababu mwandishi alijua mipaka itambeba. Akifa mzee fulani, na minyaa iking'olewa, mipaka haimbebi tena.

Kwa hiyo ningeiandika upya sentensi hiyo moja na kuziacha nyingine kama zilivyorithiwa. Iwe hivi: Shamba limepimwa na fulani, mbele ya muuzaji na mnunuzi, kwa kamba ya mita 50 iliyolinganishwa na tepu. Upande wa kaskazini mita 70, mashariki mita 70, kusini mita 70, magharibi mita 70. Ulalo kutoka kona ya mkuyu hadi kona ya jiwe mita 70. Eneo ni mita za mraba 4,243 (elfu nne mia mbili arobaini na tatu), sawa na ekari 1.05. Jiwe lililo katikati limehesabiwa ndani.

Ni ndefu, na itakula nafasi ya shahidi mmoja. Waandishi wa hati wataona uvivu kuiandika kwa shamba la nusu heka. Wakitaka kufupisha, wafute ekari, wafute hata eneo lenyewe, maana lolote kati ya hayo mtu atalikokotoa baadaye akiwa na pande na ulalo. Jina la aliyepima lisifutwe. Na kama waliopima ni wawili, mmoja kashika kamba huku na mwingine kule, waandikwe wote wawili.